Majibu Safi, Mwili Unauma

Mwanangu Rehema,

Mama yako ameniambia umerudi zahanati, umeandikiwa tena dawa za taifodi, na maumivu yako palepale. Nimekaa maabara mpaka nikastaafu, na jambo hili linaniuma.

Kipimo cha Widal hakimwoni mdudu, kinaona kingamwili tu. Ukishaugua taifodi, au hata kuchanjwa, kingamwili hizo zaweza kubaki damuni miezi mingi, na kipimo kikaendelea kusoma chanya. Ndiyo maana wapo wanaotibiwa taifodi kila mara huku ugonjwa wenyewe haujaguswa. Uthibitisho ni kuotesha damu. Na hizo sipro unazomeza nazo zaweza kuumiza kano, kwa hiyo uliza kwanza wameona nini hasa.

Ukiambiwa hakuna kilichoonekana, tazama kwenye fomu kiliombwa kipimo gani. Malaria haipo, mkojo safi, basi. Kingine hakuna aliyekitafuta. Uliza kuhusu wingi wa damu, tezi ya shingo, figo, VVU. Vidole vikivimba asubuhi, au ukitoka upele mashavuni, mtajie daktari lupasi: wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi huanza wakiwa vijana. Tena usiache kusema kwamba ulikuwa Simanjiro kwa mafunzo ukanywa maziwa mabichi. Bruselosi huleta homa za kuja na kuondoka, viungo kuuma na uchovu, na asiyejua habari ya yale maziwa hatafikiria kuipima.

Huenda vyote vikatoka safi. Hata hapo usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Yapo maumivu ya mwili mzima yaitwayo faibromayalja, ambayo hayana kipimo cha damu. Kwa vigezo vya 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili akitafuta 11 zinazouma. Vya 2010 vinauliza maumivu yameenea wapi, usingizi ukoje, uchovu, kusahausahau, na kama hali imedumu angalau miezi 3. Yaani daktari anategemea maelezo yako.

Basi anza daftari, na usiandike "nimechoka" ukaishia hapo. Siku ya Idi nilikuona ukikamua tui. La pili hukulimaliza. Uliacha chicha kwenye chujio, ukaegemea ukuta, viganja umevilaza mapajani kama si vyako. Andika hivyo hivyo. Andika na siku za hedhi, na kama unaamka umechoka vilevile ulivyolala.

Maneno ya kwamba umetupiwa kitu, na ya baba yako kwamba ni uvivu, niachie mimi. Huyo ni kaka yangu, nimeshamwambia. Omba rufaa ya hospitali ya mkoa umwone bingwa wa magonjwa ya ndani, nami nitakuja tuingie wote, maana mgonjwa akiwa peke yake hukatishwa kauli. Ila ukianza kukonda au kulowa jasho usiku, usinisubiri, nenda siku hiyo hiyo.

Fomu za zamani zikusanye zote, hata zilizochanika.

Shangazi yako