Mizizi Iliyo Chunguni



Dominika iliyopita tulikuwa kigangoni Kwamkoro, katika baridi hii ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka kutoka msituni na kufunika mashamba ya chai. Baada ya Misa mama mmoja alitungoja mlangoni, amejitanda kanga mbili. “Baba Paroko,” akauliza, “yule mwanangu mliyemwombea safari, mna habari zake?” Hatukuwa nazo. Tulimchangia nauli ya kwenda masomoni Ujerumani, tukampungia mkono, kisha tukamsahau.

Usiku ule tulimpigia simu. Hakulalamika. Alitusimulia habari za mzee jirani yake mwenye bonsai, yaani miti inayolelewa kwa ufundi wa Kijapani ibaki midogo ndani ya vyungu. Majira ya baridi yaliyopita alimsaidia kuihifadhi. Alidhani wangeiingiza sebuleni, penye joto. Mzee akamkataza: misonobari na miti mingine ya nchi za baridi huhitaji mapumziko, na ikinyimwa hudhoofika. Basi walichimba mahali palipokingwa na upepo, wakazika vyungu hadi ukingoni, wakavifunika kwa majani makavu. Siku ambazo udongo haukuganda, waliutazama. Ukikauka, waliunyunyizia maji kidogo.

“Matawi hustahimili theluji, Baba,” alisema. “Inayotangulia kufa ni mizizi. Mti wa ardhini unalindwa na nchi nzima. Wa chunguni una kiganja tu cha udongo, na baridi huufikia kutoka pande zote.” Akanyamaza. “Nami nimo chunguni.”

Tulikosa neno.

Tulikumbuka lile ua dogo la zambarau la miamba yenye kivuli katika misitu yetu. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi mwaka 1893. Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Hilo haliwezi kulala nje kama msonobari. Usiku wa baridi kali husogezwa hata mbali na kioo cha dirisha. Kila mmea una tunzo lake, na anayeutunza sharti ajue ulikotoka.

Nasi tulijua kijana huyu alikotoka. Hakuhitaji mchango mwingine wa fedha. Alihitaji udongo: sauti ya mama, habari za mavuno, jina lake kutajwa katika jumuiya. Yule mtunza shamba wa Injili, alipouombea mtini mwaka mmoja zaidi, hakuishia kuutakia heri. Aliahidi kuupalilia na kuutilia mbolea.

Alhamisi jumuiya yake ndogo ndogo ilikutana nyumbani kwa mama. Simu ikapita mkono kwa mkono. Wazee wakamsalimu kwa Kishambaa, watoto wakacheka. Mama alikuwa wa mwisho, akatoka nayo nje ukunguni. Hatukusikia waliyozungumza, wala hatukupaswa kusikia.

Wapendwa, karibu kila nyumba ina wake aliye chunguni, awe Dar es Salaam, Muscat au Ulaya. Tusingoje mizizi igande ndipo tuulize habari zake. Juma hili, kila mmoja wetu ampigie mmoja.