Jiwe Mdomoni

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na macho yangu hayakupata kuona almasi hata mwaka 1953, nilipopanda gari moshi la bara, nikashuka Shinyanga, nikapata kazi ya kuchambua mawe katika mgodi wa Mwadui, ule aliouvumbua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Kama watu wengi wa pwani nilidhani johari lazima ing'ae. Basi nilipowekewa mezani punje ya kwanza, ya kijivujivu, yenye utelezi kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumiwa, nilimshuku msimamizi kuwa ananifanyia mzaha.

Baada ya kustaafu nilikaa Maganzo, jirani na mgodi, nikimpimia mawe tajiri mmoja barazani kwake. Asubuhi moja akaja kijana, akaniamkia kwa adabu, akafungua fundo la leso, na ndani mkawa na jiwe la rangi ya waridi, kadiri ya punje ya hindi. Hakuwa na haja ya kunieleza matumaini yake, maana upande ule hakuna asiyejua habari za almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Nikaligusisha mdomo wa juu. Almasi hunyonya joto la mwili upesi mno, hata ukahisi baridi kama ya kisu kilicholala nje. Lile lilikuwa vuguvugu. Nikalipulizia pumzi, na ukungu, ambao juu ya almasi hutoweka mara moja, ukakaa, ukakaa. Kisha nikatwaa kioo cha kukuzia, nikaona ndani vipovu viwili vya mviringo vimefuatana kama shanga.

"Mwanangu, hii ni chupa."

"Lakini mzee, imekwaruza dirisha!"

Wangapi wamehadaika kwa dirisha! Jiwe jeupe la kwatsi nalo hukwaruza kioo, na kigae cha chupa chenye ncha kali huweza kuacha alama. Mbaya zaidi ni nyundo, ambayo wajinga huiita hakimu wa almasi, ilhali almasi, pamoja na ugumu wake wote, hupasuka ikipigwa, na mwenye mali akabaki na vumbi la thamani. Afadhali mizani na maji: almasi huyazidi maji uzito mara tatu na nusu, na kioo cha kawaida mara mbili na nusu tu.

Hayo yote niliyajua siku aliponijia mama mmoja karibu na magharibi, nami nimefunga, nimechoka, akili yangu iko kwenye futari. Jiwe lake lilikuwa na ganda la kijivu, mfano wa kigae cha chupa kilichosuguliwa na mto. Sikuliinua hata mdomoni. Nikamwambia ni kioo, akaondoka nalo.

Siku ya tatu mnunuzi mwingine akanionyesha jiwe lile lile, alilolipata kwa bei ya doti moja ya khanga, kwa sababu yule mama, kwa uaminifu wake, alikuwa amemweleza niliyosema. Nikatazama kwa kioo: juu ya uso wake palikuwa na pembetatu ndogondogo, safi, kama zimechongwa na sonara. Nikaligusisha mdomoni mbele yake. Lilikuwa baridi.