Pakanga: Uchungu Uletao Uzima

Katika kambi moja ya polisi kaskazini mwa Uganda, mke wa askari alizoea kuweka akiba ya kila kitu: sukari, mkaa, hata dawa. Mwanawe aliposhikwa na malaria, alipewa vidonge vya siku tatu. Siku ya pili mtoto akatoka kucheza. Mama akavifunga vidonge vilivyosalia katika kitambaa, akavificha kabatini. Haukupita mwezi, homa ikarudi kwa ukali.

Laiti angalijua asili ya vidonge vile! Vilitokana na aina ya pakanga, mmea mchungu wa China. Wakati wa vita vya Vietnam malaria iliangusha askari wengi, na tarehe 23 Mei 1967 China ikaanzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa. Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa madawa, alipekua vitabu vya kale, akakuta agizo la tabibu Ge Hong wa karne ya 4: majani yalowekwe majini, kisha yakamuliwe. Kuchemsha hakukutajwa. Bibi huyo akatambua kwamba moto huharibu dawa, akatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 tu. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa wao kwanza, ndipo wagonjwa wakapewa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Dawa hiyo, artemisinini, ina chembe mbili za oksijeni zilizoshikamana. Kijidudu cha malaria hula damu na kufungua chuma kilichomo. Chuma hicho huvunja mshikamano ule, na dawa ikamwunguza adui papo hapo. Lakini nguvu yake hudumu mwilini saa chache tu. Kwa hiyo hufungamanishwa na dawa nyingine ikaayo siku nyingi, imalize masalia.

Akatizaye dozi huyaacha masalia hayo hai. Tayari uchunguzi uliotangazwa Rwanda mwaka 2020, na ule wa Gulu mwaka 2021, umeonyesha vijidudu vinavyochelewa kufa kwa artemisinini.

Mama yule hawezi tena kuweka akiba ya dawa. Mtoto hunywa vidonge vyake baada ya chakula chenye mafuta au maziwa, hadi cha mwisho, ajapokuwa anacheza. Wala hachemshi majani ya pakanga badala ya dawa, kwa kuwa chai hiyo haina kipimo. Mumewe, aliye askari, hakuhitaji kuelezwa sana: adui aliyejeruhiwa akaachwa hurudi akiwa amejifunza.