Sakafu ya tela huanza kuoza chini

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze kuhusu sakafu ya tela la pawatila, na itabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, kwenye mkutano wa wakulima wa mpunga, mzee mmoja aliniuliza afanye nini ili mbao za tela lake jipya zidumu. Nikamjibu haraka, kama mtu anayejua: "Nunua nailoni nzito, itandike juu ya mbao, kisha ipige misumari pembeni. Maji hayataingia." Alifanya vile vile nilivyosema.

Baada ya masika ya pili alinipigia simu. Alikuwa anavuka mfereji na magunia ya mpunga, mjukuu wake ameketi juu ya mzigo. Ubao ukakatika. Magunia mawili yakatumbukia majini, na mguu wa mtoto ukapita kwenye tundu, ukachanwa na msumari. Walimpeleka zahanati akashonwa, akachomwa na sindano ya pepopunda. Nilipofika kumwona, nikamsalimu shikamoo, akaitikia, kisha akasema kwa upole: "Bwana shamba, ile nailoni yako ilinitunzia maji vizuri sana."

Maneno yale yaliniuma kuliko matusi. Nikajilaza chini ya tela na bisibisi. Kwa juu mbao zilionekana nzima. Kwa chini bisibisi ilizama kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

Sababu ni hii. Kinachoozesha ubao ni kuvu, na kuvu huhitaji unyevu. Ubao ukilowa kisha ukakauka, kuvu haipati nafasi. Ukilowa ukabaki umelowa, unaliwa. Maji yaliingia kupitia matundu ya misumari yangu, yakakaa chini ya nailoni bila upepo wala jua. Kumbe kulowa si tatizo kubwa. Tatizo ni kushindwa kukauka.

Tangu siku ile nimebadilisha ushauri wangu. Haya ndiyo ninayowaambia wakulima sasa, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kagua kwa chini. Kila baada ya mavuno, toa mzigo wote, ingia chini ya tela, choma kila ubao kwa bisibisi au ncha ya kisu. Anzia pale ubao unapokalia chuma na pale bolti zinapopita. Ubao unaozamisha ncha kirahisi, utoe leo. Usiupake rangi; rangi haifufui ubao uliooza.

Pili, acha nafasi. Mbao zisibanane kabisa. Nafasi ya milimita tano hivi inatosha maji kushuka na hewa kupita. Ukibeba nafaka isiyo kwenye magunia, tandika turubai siku hiyo, kisha liondoe jioni. Turubai lisipigwe misumari. Hilo ndilo nililolikosea.

Tatu, paka rangi pande zote. Wengi hupaka juu tu kwa sababu ndiko macho yanakoona. Fungua mbao, zianike mpaka zikauke kabisa, kisha paka rangi ya mafuta juu, chini na ubavuni. Miisho ya ubao, pale msumeno ulipokata, ipake mara tatu. Ubao hunywa maji mwishoni kuliko ubavuni, kwa kuwa mishipa yake imefunguka pale. Tela la mita mbili kwa mita moja na nusu lina eneo la mita za mraba 3. Ukihesabu juu, chini na ubavu, zinakuwa kama 7. Kwa kupaka mara mbili, lita 2 za rangi hutosha. Kabla ya kurudisha bolti, dondoshea rangi ndani ya tundu lake.

Nne, chuma nacho kinataka uangalizi. Fremu inayobeba mbao hushika kutu pale ubao ulipoikalia. Mbao zikiwa zimefunguliwa, sugua kutu kwa brashi ya waya au msasa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu.

Tano, osha baada ya mbolea na samadi. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagika huvuta unyevu na kula chuma. Samadi nayo hushika maji kama sifongo. Fagia, mwagia maji, acha likauke juani. Wafanyabiashara mnaobeba chumvi au samaki, hili linawahusu zaidi.

Sita, ukiegesha, inua mbele. Weka jiwe au gogo chini ya mkono wa tela na ufungue mlango wa nyuma. Maji ya mvua yatateremka yenyewe. Hili halina gharama hata ya shilingi moja.

Najua utaniuliza kuhusu oili chafu, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na wengi wanaipaka. Ni kweli inasukuma maji, lakini ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, na tela lako linabeba mpunga, mahindi na mboga. Usiipake mahali chakula kinapokaa. Vilevile, ukinunua mbao zilizowekwa dawa, zinadumu, ila vipande vinavyobaki usivipikie. Dawa nyingine zina sumu, na moshi wake ni hatari.

Kama mfuko hauruhusu kubadilisha sakafu nzima, anza na mbao mbili za nyuma. Huko ndiko mzigo unakoburutwa na maji yanakoishia. Weka mbao ngumu hapo, za mbele utazifikia msimu ujao.

Na jambo la mwisho halihusu mbao. Mtu asipande juu ya mzigo, hasa mtoto. Tela limetengenezwa kwa magunia. Hata sakafu nzima haimzuii mtoto kuanguka njia ikiwa mbovu.

Nilimsaidia yule mzee kubadilisha mbao zake, tukafanya kazi siku nzima chini ya mwembe. Mjukuu wake ndiye aliyeshika brashi. Kovu linaonekana, lakini anatembea na kukimbia. Nilimwomba mzee radhi mbele yake. Akasema, "Umejua, basi wafundishe na wengine."

Ndiyo sababu nimeandika. Jioni ya leo, kabla hujafunga zizi, chukua bisibisi uingie chini ya tela lako.