Benchi la Zahanati ya Kariakoo

Nilihamishiwa Kariakoo nikitokea wodi ya wazazi. Kila asubuhi, nikikatiza Mtaa wa Msimbazi, nilipishana na vijana waliojitwika magunia kuelekea Shimoni, chini ya jengo la soko alilolichora Beda Amuli. Wengi walitoka Lindi na Mtwara. Ndani ya zahanati sikuwaona.

Wakubwa zetu waliamini hawaji kwa kuwa hawana elimu, basi tukagawa vipeperushi. Mimi niliona heri kuwauliza wenyewe. Jioni moja nikawafuata kijiweni, Mtaa wa Sikukuu, wakihesabu mauzo. Gono waliijua, kaswende waliijua, na kondomu walijua zinauzwa duka gani. Kilichowazuia ni saa. Sisi tulifunga saa tisa na nusu alasiri, biashara ikiwa imechanganya, na machinga akiacha meza yake saa hiyo amekosa hela ya kula. Halafu benchi. Mvulana aketi katikati ya wajawazito, karani amwite jina, amuulize mbele ya watu anaumwa nini? Binti muuza mihogo alinijibu kwa adabu: “Mama, pale kwenye benchi lenu anakaa shangazi yangu.”

Wao ndio waliopanga kliniki ya jioni. Walitaka mlango wa uani, kadi za namba badala ya majina, na waelimishaji rika wawili pale mapokezi. Tulibishana sana kuhusu posho na ulinzi, mwisho tukakubaliwa jioni mbili kwa wiki. Walikuja. Wasichana walifika kuuliza uzazi wa mpango, wavulana wakaja na vidonda walivyokuwa wamevitibu kwa dawa za kununua mitaani.

Tangu hapo sina subira na semina za kumvisha kijana fulana, apigwe picha, kisha aondoke bila kuulizwa kliniki ifunguliwe saa ngapi.

Kulikuwa na jambo lililotushinda. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka aliye chini ya miaka 18 aje na ridhaa ya mzazi au mlezi ndipo apimwe. Kuli wa miaka 16 aliyepanga chumba Kigogo na wenzake, akimtumia mama yake hela ya chakula kijijini, ilibidi nimrudishe. Angempata wapi mzazi wa kumtilia saini? Waelimishaji rika walilalamikia jambo hilo kila kikao, nami nililiandika katika kila taarifa. Novemba 2019 Bunge likateremsha umri hadi miaka 15. Jioni zilizofuata tulianza kuwapima wale tuliokuwa tukiwarudisha.

Kabla sijastaafu niliomba vijana wapewe viti kwenye kamati ya kituo, wenye haki ya kupiga kura. Wajumbe wazee waliguna. Viti viwili vikapitishwa, na kimoja akapewa yule muuza mihogo. Hoja yake ya kwanza ilikuwa bajeti ya kliniki ya jioni.