Merikebu ya Zamani, Rangi Mpya

Kitu kilichopendwa tangu utotoni hakitazamwi kwa jicho moja. Jicho moja hukiona kilivyo, na la pili hukiona kilivyokuwa. Na macho hayo mawili aghalabu hayapatani. Ndivyo ilivyomtokea mwalimu mmoja wa Mombasa katika mwaka 2013, alipokwenda kuitazama picha ya sinema iitwayo Star Trek Into Darkness. Aliingia ukumbini pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili. Alitoka na furaha mkono mmoja na manung'uniko mkono wa pili, wala hakuweza kutupa hata kimoja.

Hadithi yenyewe si ngeni. Ilitungwa na Gene Roddenberry, ikaanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikaendelea kwa sehemu 79 hata mwaka 1969. Habari zake ni za merikebu ya angani, Enterprise, isafiriyo baina ya nyota chini ya Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, ambaye mama yake ni mwanadamu na baba yake si mwanadamu. Mwaka 1982 ilitolewa picha ya sinema iliyoitwa The Wrath of Khan. Khan, mtu aliyefanyizwa na wataalamu ili awapite wanadamu wote kwa nguvu na akili, anarudi kumlipiza kisasi Kirk, aliyemwacha katika sayari ya mbali miaka kumi na mitano kabla. Mwishoni Spock anaingia katika chumba chenye mionzi ya kuua, anautengeneza mtambo, anaiokoa merikebu, kisha anakufa huku Kirk amesimama upande wa pili wa kioo, asiweze hata kumgusa.

Mwalimu aliiona picha hiyo kwa mara ya kwanza alipokuwa mtoto, katika kanda ya video, nyumbani kwa jirani, ameketi ubavuni mwa kaka yake. Mwaka 1989 kaka huyo aliugua akalazwa. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Mdogo mtu alisimama nje ya dirisha, na mgonjwa akamwinulia mkono kutoka kitandani. Hawakuonana tena. Nyumbani watu wazima walisema mengi ya kufariji, na yote yalikuwa mema, lakini hakuna lililofanana na alichokiona. Kilichofanana nacho kilikuwa kile kioo. Kila alipoirudia picha ile alipata hakika kwamba yuko mtu mwingine duniani aliyelijua jambo hili jinsi lilivyo: mauti huja, mlango haufunguki, na aliye hai hubaki upande wake na kazi ya kuishi.

Kwa hiyo hakuwa mtazamaji wa kawaida. Hata hivyo hakuwa adui wa mambo mapya. Mwaka 2009, J.J. Abrams alipoianza hadithi upya kwa wachezaji vijana, mwalimu alifurahi. Katika picha hiyo mtu wa zama zijazo anarudi nyuma na kuyageuza mapisi, na tangu hapo mambo yanashika njia nyingine. Mwalimu aliiona hila hiyo kuwa ya haki, kwa sababu mto ulichimbiwa mkondo wa pili bila ya kuukausha ule wa kwanza.

Tena picha ya 2009 ilimpa zawadi. Afisa wa mawasiliano wa Enterprise huitwa Uhura, na jina hilo lilichongwa kutokana na neno la Kiswahili, uhuru. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa mwaka 1966, afisa huyo, aliyechezwa na Nichelle Nichols, anasemezwa kwa Kiswahili, wakati ambapo Kenya haijatimiza miaka mitatu tangu kujitawala. Kwa miaka mingi hakutajwa mbele ya watazamaji kwa jina lake la kwanza. Mwaka 2009 lilitajwa: Nyota. Watu wa mataifa mengi walilisikia kama sauti tamu tu. Mwalimu na binti yake walilisikia na maana yake.

Katika picha ya 2013, Nyota, aliyechezwa na Zoe Saldaña, anasimama peke yake mbele ya Waklingoni wenye silaha na kusema nao kwa lugha yao wenyewe. Katika vita vya mwisho ndiye anayeshuka kumsaidia Spock. Binti alimshika baba yake mkono kwa nguvu. Mwalimu alikumbuka kwamba Uhura wa zamani alipewa maneno machache kupita kipawa chake, akakiri moyoni kwamba hapa mpya umeushinda mkongwe.

Aliona na wema mwingine. Amiri Marcus anamwamuru Kirk amwue mkimbizi kwa makombora kutoka mbali, pasipo hukumu wala shahidi. Fundi wa mitambo, Scotty, anakataa kuyapokea makombora asiyojua yaliyomo ndani yake, anaacha kazi. Kirk naye anabadili nia, anachagua kumkamata mtu huyo ili ahukumiwe. Mwaka ule ndege zisizo na rubani zilikuwa zikiua watu kwa namna hiyo hiyo. Picha ya sinema iliyowauliza vijana kama jambo hilo ni haki haikuwa mchezo mtupu.

Lakini mkimbizi huyo ni nani? Anajiita John Harrison, na baadaye anafichua kuwa yeye ni Khan. Hapo ndipo jicho la pili lilipoanza kuona. Jina hilo lilimtikisa mwalimu kitini, wala halikumtikisa Kirk, kwa maana Kirk wa mkondo huu mpya hajapata kukutana na Khan. Mshindo ulikuwa wa kuazima. Zaidi ya hayo, Khan alitungwa kuwa mtu wa asili ya Uhindi; wa kale alichezwa na Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico, na wa sasa akachezwa na Benedict Cumberbatch, Mwingereza. Kosa la zamani halikusahihishwa, bali lilibadilishwa rangi.

Kisha kikaja kioo. Safari hii Kirk ndiye aliyekuwa ndani na Spock ndiye aliyekuwa nje. Mkono uliwekwa kiooni kama zamani, na maneno mengine yakawa yale yale. Mwalimu alihisi koo linambana. Akageuka kumtazama mtoto wake, akamkuta mkavu wa macho.

"Huoni huruma, mwanangu?" akamnong'oneza.

"Atafufuka, Baba," akajibu mtoto. "Damu ya Khan ilimponya yule msichana mwanzoni, na daktari ameitia katika kile kinyama kilichokufa."

Alisema kweli. Kabla picha haijakwisha, Kirk alikuwa macho kitandani, akifanya mzaha.

Usiku ule mwalimu alijipima ili asije akahukumu kwa chuki. Spock wa kale naye alifufuka katika picha ya 1984. Je, ubaya wa mwaka 2013 ni upi? Alifikiri sana mpaka akaona tofauti. Watazamaji wa kale walikaa na maiti miaka miwili. Tena Kirk alimpata rafiki yake kwa thamani kubwa: mwanawe aliuawa, na Enterprise aliiteketeza kwa amri yake mwenyewe. Huyu mpya alifufuliwa kwa sindano. Hakuna aliyelipa chochote.

Baada ya wiki moja mwalimu alimwonyesha binti yake picha ya 1982. Spock aliponyamaza, mtoto alikaa kimya, kisha akauliza kama naye atafufuka.

"Katika picha nyingine," akasema baba. "Lakini Kirk hajui. Leo hajui."

Mtoto akatazama kioo muda mrefu. Ndipo baba yake alipomsimulia habari za dirisha la wodi, ambazo hakupata kumsimulia kabla. Alipomaliza, binti aliuliza jina la mgonjwa yule. Alikuwa amelisikia mara nyingi katika dua za nyumbani, lakini hakupata kujua kwamba mwenye jina alikuwa kijana aliyependa merikebu za angani.

Mwalimu hakubadili hukumu yake juu ya picha mpya. Aliendelea kuilaumu kwa kifo chake cha bure, na kuisifu kwa Nyota na kwa Scotty. Lakini alikiri kwamba bila ya picha hiyo yenye kasoro, asingaliitafuta ile ya zamani mbele ya mtoto wake, na dirisha lile lingalibaki lake peke yake.