Kabla ya Kusema Mashini Imekufa



Wengi wenu mmeniuliza, kanisani na sokoni, namna gani kompyuta ya biro yetu iliamka bila sisi kununua kadi ya tatu. Nimeomba nafasi katika gazeti letu la juma hili nieleze vizuri, maana habari ya mdomo hubadilika njiani, na tayari kuna wanaosema nilifanya muujiza. Muujiza haukuwepo. Kulikuwa na maswali tu, moja baada ya lingine.

Mwanzo wake mnaujua. Usiku ule wa mvua kubwa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na asubuhi kompyuta haikuwaka. Fundi aliifungua akaona kadi mama imeungua. Kadi mama ni lile bamba pana ndani ya kasha, ambalo vipande vingine vyote vinashikana juu yake: ubongo wa mashini, vijiti vya kumbukumbu, diski na nyaya. Tulichanga dola 70, fundi akaweka kadi nyingine ya okazio. Tulipobonyeza, vifeni vilizunguka, taa ndogo ikawaka, lakini ekrani ikabaki nyeusi. Kesho yake fundi akaniambia: "Mwalimu, hata hii imekufa. Inabidi tutafute nyingine."

Mama Mweka Hazina alinyamaza. Mgawanyo wa akiba ulikuwa umebakiza siku 9. Kila mwanachama ana kitabu chake chenye mihuri ya hisa, ni kweli, lakini mikopo ya mwaka mzima, riba na faini za wamama 32 vilikuwa ndani ya mashini ile. Na dola 70 zingine zitoke wapi? Kwetu pesa hiyo ni makaa, ni ndizi, ni samaki walioamkiwa saa kumi ya usiku.

Nikamwuliza fundi: "Mdogo wangu, umeona nini hata useme imekufa?" Akajibu: "Haiwaki."

Jibu la namna hiyo nalisikia sana shuleni. Mwalimu anasema mtoto fulani ni mjinga. Ukimwuliza ameona nini, anasema: "Hajibu." Kumbe mtoto hasikii vizuri, au hajala tangu jana. Kutojibu ni dalili, haijawa ugonjwa. Tena mashini inayozungusha vifeni haijakufa kabisa. Umeme unafika mahali pamoja na haufiki pengine. Nilipokuwa ISP, katika fizikia, tulifundishwa kufuata njia ya umeme kipande kwa kipande mpaka pale inapokatika. Nikamwomba fundi tuketi pamoja Jumamosi tufuate njia hiyo. Alikubali kwa moyo mzuri.

Tulianza na hesabu, kadi ikangoja. Wamama, mshike jambo hili: kadi mama haitunzi hesabu zenu. Hesabu, barua na picha vinakaa kwenye diski, na kadi ikiungua diski inaweza kubaki nzima. Tulitoa diski, tukaiunga kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mkononi ya binti wa katibu wetu, tukanakili kila kitu kwenye flashi mbili. Mama Mweka Hazina akapumua. Toka hapo tulikuwa tunahangaikia mashini tu, pesa za watu zilikwisha okolewa.

Kisha tulichomoa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi, maana hata umeme mdogo wa mwilini unaweza kuiharibu. Kisanduku chenye kugawa umeme hatukukifungua, na ninyi msikifungue kamwe: kinaweza kushika umeme wa hatari hata kikiwa kimechomolewa.

Tukaondoa kila kisichohitajika: diski, kisoma CD, kijiti kimoja cha kumbukumbu. Tukaacha ubongo na kifeni chake, kijiti kimoja, na ekrani. Kijiti kile tulikitoa tukakirudisha mpaka kikalia "ka!" pande zote. Ekrani bado nyeusi.

Tukafuata nyaya. Kadi mama ya namna hii inalishwa kwa plagi mbili zinazotoka kwenye kisanduku cha umeme. Moja ni kubwa, yenye matundu 24. Nyingine ni ndogo, yenye matundu 4, na kwenye kadi nyingine 8. Hii ndiyo inayolisha ubongo. Vifeni vinaweza kuzunguka kwa ile kubwa peke yake, na mtu akadhani kila kitu kimelishwa. Fundi alimulika kwa simu yake. Ile ndogo ilikuwa imekunjwa nyuma ya sehemu ya diski, haikuchomekwa popote. Kwenye kadi mpya tundu lake liko upande mwingine, pembeni kabisa, limefichwa na kifeni.

Tuliichomeka. Ekrani ikaleta maandishi, na wamama waliokuwa barazani wakapiga vigelegele.

Haikuishia hapo. Tuliporudisha diski, mashini ilisema haioni pa kuanzia. Fundi aliingia katika mipangilio ya kadi, akakuta imepangwa kwa mtindo mpya wa kuwasha, na diski yetu ilitengenezwa kwa mtindo wa zamani. Alibadilisha, Windows ikafunguka. Jumatatu, baada ya usiku bila umeme, shida ileile ikarudi, na tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Tarehe hiyo ilitupa jibu. Kwenye kadi kuna bateri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, inayoshika saa na mipangilio mashini ikizimwa. Yetu ilikuwa imekwisha. Tuliweka mpya, tukapanga upya, na mpaka leo inashika.

Bateri na siku ya kazi ya fundi tulilipa dola 12 kwa jumla. Mgawanyo ulifanyika siku yake, kila mama akaondoka na haki yake.

Simwandikii mtu abishane na mafundi. Huyu wetu ana mikono mizuri, na sasa yeye mwenyewe anaanza na plagi ile ndogo. Ninachosema ni hiki: mtu akikuambia kitu kimekufa na anataka pesa, mwulize kwa heshima ameona nini, amejaribu nini, na nini bado hajajaribu. Kuuliza hakuhitaji diploma.

Kwa biro yetu tumepatana mambo mawili. Kila Ijumaa hesabu zinanakiliwa kwenye flashi mbili, zinazolala katika nyumba mbili. Na tutanunua stabilizatere kabla ya mvua nyingine. Katika mkutano ujao nitakuja na ile kadi iliyoungua. Mama anayetaka aishike, aione kwa karibu, na aulize.